Unajimu wa Kihindu kwa anayeanza: shika saa ya kuzaliwa, kisha ufuate Mwezi

Kazi yangu ilikuwa ukunga, hapa Malindi, na ukunga ndio ulionifikisha kwenye nyota. Familia za Kihindu zilipokuja kujifungua zilikuwa na swali ambalo wengine hawakulikazania: mtoto kalia saa ngapi kamili? Jibu la "alfajiri hivi" halikuwatosha. Walitaka saa na dakika. Bibi mmoja wa Kigujarati, ambaye ukoo mzima ulimwita Ba nami nikamwita hivyohivyo, alikuwa akinishika mkono mlangoni na kuniambia kwa Kiswahili chake cha mjini, "Mama mkunga, andika pale anapolia. Kichwa kutoka si saa yake. Kulia ndiyo saa yake." Wako wanaohesabu kukatwa kwa kitovu, lakini walio wengi hushika pumzi ile ya kwanza. Nikazoea kuandika, nikaanza kuuliza, na Ba akanifundisha.

Mimi ni Muislamu. Ghaibu naiachia Mwenyezi Mungu, na sitamwambia mtu kwamba Zohali ndiye aliyemfilisi. Lakini elimu hii imewapangia majirani zetu siku za harusi, majina ya watoto na sikukuu kwa karne nyingi, na inastahili kujulikana sawasawa, si kwa uvumi. Wengi hukimbilia utabiri. Mimi nakwambia anza na hesabu: saa kwanza, Mwezi pili, utabiri baadaye kama utautaka.

Ilikotoka

Wahindu huiita Jyotisha. Haikuanza kama utabiri wa mtu mmoja mmoja. Makuhani wa Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, walihitaji kujua siku ya kafara: mwezi mchanga lini, mwezi mpevu lini, jua linageuka lini kurudi kaskazini. Kwa hiyo ikahesabiwa miongoni mwa elimu sita za kuisaidia Veda, pamoja na matamshi, sarufi, vipimo vya mashairi, asili ya maneno na taratibu za ibada. Maandiko yake ya kale yaliyobaki, yanayonasibishwa na Lagadha, ni kalenda tupu: mzunguko wa miaka 5, mwendo wa Jua na Mwezi, na manazili 27 ambamo Mwezi hulala usiku mmoja mmoja. Wahindu huyaita manazili hayo nakshatra. Buruji 12, zile alama za nyota kama Simba na Mizani, hazimo, wala chati ya mtu kuzaliwa.

Hayo yalikuja kwa Wayunani, karne za mwanzo za Miladi, pale majahazi kutoka Misri ya Warumi yalipokuwa yakienda pwani ya magharibi ya India kwa pepo za msimu, kama kusi na kaskazi yetu. Wahindi wakazichukua buruji 12 na nyumba 12, wakazifunga juu ya manazili yao ya zamani. Varahamihira, mnajimu wa Kihindi aliyefanya kazi mji wa Ujjain katika karne ya 6, ndiye aliyeipanga elimu hiyo ikasomeka, na hakuona haya kuandika kwamba Wayunani, ingawa ni wageni kwa dini yake, waheshimiwe kama wahenga kwa sababu ya elimu hii. Napenda sana uungwana huo.

Karne ya 8 hesabu za Kihindi zikafika Baghdad, zikatafsiriwa kwa Kiarabu. Ndiyo maana mwalimu wa falaki wa Lamu na mnajimu wa Gujarat wakikaa baraza moja hawapotezani: buruji ni zilezile, na manazili yanakaribiana, 28 kwa Waarabu na 27 kwa Wahindu. Malindi yenyewe ilikuwa njiani. Aprili 1498 ndipo Vasco da Gama alipopata hapa rubani wa kumvusha hadi Calicut, na waandishi wa Kireno wa karne iliyofuata wanasema alikuwa mtu wa Gujarat. Watu waliojua nyota kwa ajili ya bahari na waliozijua kwa ajili ya harusi walikuwa wakishuka bandari hizihizi.

Saa, tarehe, mahali

Usichore chochote kabla ya kupata vitu hivi vitatu. Huku kwetu saa ndiyo inayowaangusha watu, hasa sasa ambapo kila mtu ana programu ya kundali, yaani chati ya kuzaliwa, kwenye simu.

Mama akikwambia "saa tatu usiku", andika 21:00. Ukiingiza 3 kama ulivyoisikia, buruji inayochomoza mashariki, ambayo ndiyo msingi wa chati yote, imehama mara tatu. Buruji hizo hupokezana kila baada ya saa mbili hivi. Kwa hiyo hata kosa la robo saa linaweza kumvusha mtoto mpaka. Muulize tena mama, "Usiku wa giza au kumekucha?" Usione tabu kuuliza.

Siku nayo ina mambo. Karani huanza siku usiku wa manane. Sisi Waislamu huianza magharibi, ndipo mzee wa Lamu akasema mwanawe kazaliwa "usiku wa Ijumaa" na maana yake ni Alhamisi baada ya jua kutua. Mhindu huianza jua linapochomoza. Mtoto wa saa nane za usiku kuamkia Ijumaa ni wa Ijumaa kwa mzee wetu, ni wa Ijumaa kwa karani, na kwa Ba bado ni wa Alhamisi mpaka jua litoke. Andika tarehe ya karani kwenye programu, lakini ukitaja siku mbele ya familia ya Kihindu, hesabu kwa jua.

Mahali: Malindi iko nyuzi 3 na dakika 13 kusini ya ikweta, na nyuzi 40 na dakika 7 mashariki. Hakikisha umeandika kusini. Jedwali nyingi zilitungwa kwa ajili ya miji ya India, ambayo yote iko kaskazini. Saa ya Kenya nayo imetangulia saa ya jua la Malindi kwa dakika kama 20, ndiyo maana kwa wastani jua halifiki utosini saa sita kamili bali saa sita na dakika 20. Programu nzuri hufanya hesabu hiyo yenyewe. Ukifanya kwa mkono, ikumbuke.

Halafu programu itakuuliza utumie kipimo gani cha kurekebisha buruji. Chagua Lahiri, ambacho ndicho kilichofuatwa na kamati ya serikali ya India iliyorekebisha kalenda mwaka 1955. Maana yake ni hii: Wazungu huanza kuhesabu buruji pale jua linapovuka ikweta mwezi Machi, na Wahindu huanza kwenye nyota zenyewe. Mahali hapo pawili hutengana taratibu, nyuzi moja kwa kila miaka 72 hivi, na sasa pameachana kwa nyuzi 24. Ndiyo sababu aliyezaliwa tarehe 5 Februari akisoma gazeti ni Ndoo, na kwa Ba ni Makara, yaani Mbuzi. Hakuna aliyekosea hesabu. Kila mmoja anaanzia mahali pake.

Kuchora kundali

Ba alichora nyuma ya karatasi za kalenda ya mwaka uliopita, kwa rula ya mbao na kalamu nyekundu. Kwanza alichovya kidole kwenye manjano, akagusa kila pembe ya karatasi. Kisha mraba. Kisha mistari miwili kutoka pembe hadi pembe. Kisha akaunganisha katikati ya kila upande na katikati ya upande unaofuata, mpaka ikatokea almasi ndani ya mraba. Hesabu vyumba: vinne vikubwa vya umbo la almasi katikati, na pembetatu nane pembeni. Jumla 12. Hivi ndivyo wanavyochora Gujarat na India ya kaskazini. Wa kusini wana mtindo mwingine wa visanduku, usiuchanganye na huu.

Chumba cha juu katikati ndicho nyumba ya kwanza. Kutoka hapo unakwenda kushoto na kushuka, kinyume cha mshale wa saa, mpaka unazunguka. Nyumba hazihami. Zinazohama ni buruji, na huandikwa kwa namba: 1 Mesha (Kondoo), 2 Vrishabha (Ng'ombe), 3 Mithuna (Mapacha), 4 Karka (Kaa), 5 Simha (Simba), 6 Kanya (Mashuke), 7 Tula (Mizani), 8 Vrishchika (Nge), 9 Dhanu (Mshale), 10 Makara (Mbuzi), 11 Kumbha (Ndoo), 12 Mina (Samaki).

Tuchukue mtoto aliyezaliwa Malindi tarehe 20 Januari saa tatu asubuhi. Jua huingia Makara tarehe 14 Januari hivi na husogea nyuzi moja kwa siku, kwa hiyo liko nyuzi 6 za Makara. Sasa siri ya kazi hii: jua linapochomoza, buruji inayochomoza ni ileile lililomo jua. Siku hiyo jua la Malindi hutoka saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu. Hadi saa tatu zimepita saa mbili na nusu na zaidi kidogo, na huku karibu na ikweta buruji hupanda kwa mwendo ulio karibu sawa, kama nyuzi 15 kwa saa. Utatoka Makara, utafika katikati ya Kumbha. Hiyo ndiyo lagna, buruji inayochomoza. Andika 11 kwenye chumba cha juu, 12 kwenye pembetatu ya kushoto yake, 1 inayofuata, mpaka namba 10 iishie pembetatu ya juu kulia. Hapo ndipo Jua linapoingia, nyumba ya kumi na mbili.

Sayari ni tisa kwa hesabu yao: Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mushtari, Zuhura, Zohali, kisha Rahu na Ketu. Hizi mbili za mwisho huwezi kuziona. Ni sehemu ambapo njia ya Mwezi inakata njia ya Jua, na kupatwa kwa jua au mwezi hutokea karibu nazo tu. Wahindu husimulia kwamba ni kichwa na kiwiliwili cha jini mmoja aliyekatwa baada ya kuonja kinywaji cha kutokufa. Rahu na Ketu hukaa nyumba zinazotazamana siku zote. Ukiziona kwenye chati bila kutazamana, chati imekosewa.

Maana za nyumba zitakaa kichwani haraka: ya kwanza mwili na nafsi, ya pili mali na maneno, ya tatu ndugu, ya nne mama na maskani, ya tano watoto, ya sita maradhi na madeni, ya saba mwenzi, ya nane mauti, ya tisa dini na bahati, ya kumi kazi, ya kumi na moja mapato, ya kumi na mbili hasara na safari za mbali.

Mwezi ndio wenyewe

Mzungu akikuuliza nyota yako anataka buruji ya Jua. Mhindu anataka ya Mwezi, na zaidi ya hapo anataka nakshatra yake. Mbingu ya nyuzi 360 ukiigawa kwa 27 unapata nyuzi 13 na dakika 20, karibu sawasawa na mwendo wa Mwezi wa siku moja.

Sisi wa pwani tuna ngazi ya kuipanda hesabu hii ambayo wengine hawana: tarehe ya mwezi mwandamo. Bibi anayekumbuka kwamba mwanawe alizaliwa mwezi kumi, yaani tarehe kumi, Mfunguo Sita amekupa nusu ya jibu. Kila siku Mwezi huliacha Jua kwa nyuzi 12 hivi, na kwa kuwa huonekana siku moja au zaidi baada ya kukutana nalo, ongeza moja kwenye tarehe. Mtoto wetu wa 20 Januari tuseme kaangukia mwezi kumi. Kumi na moja mara 12 ni 132, yaani buruji nne na nyuzi 12 mbele ya Jua. Kutoka nyuzi 6 za Makara hesabu nne: Kumbha, Mina, Mesha, Vrishabha. Mwezi uko kama nyuzi 18 za Vrishabha. Nakshatra ya Rohini inashika nyuzi 10 hadi 23 na dakika 20 za buruji hiyo, basi mtoto ni wa Rohini. Ni makadirio, programu itakupa nyuzi kamili. Ila ukijua kukadiria, programu ikikosea utaishtukia.

Kwenye chati, Vrishabha ni namba 2, na kwa mtoto huyu imeangukia nyumba ya nne, almasi ya kushoto. Hapo mnajimu atafurahi: nyumba ya nne ni ya mama, Mwezi ndio alama ya mama, na ndani ya Vrishabha Mwezi huhesabiwa umetukuka. Nakshatra moja ina robo nne, na kila robo ina silabi yake ya jina. Za Rohini ni O, Va, Vi, Vu. Nyuzi 18 zinaangukia robo ya tatu, kwa hiyo jina litaanza na Vi. Usiku wa sita baada ya mtoto kuzaliwa, kabla hata jina halijatolewa, Wagujarati humwekea karatasi tupu na kalamu karibu yake, ili aandikiwe majaliwa yake. Niliziona karatasi hizo mara nyingi, nyeupe tupu asubuhi, na mama akizikunja kwa heshima na kuziweka.

Kama saa ya kuzaliwa haijulikani kabisa, usibuni. Weka buruji ya Mwezi kwenye chumba cha juu na uhesabu nyumba kutoka hapo. Wahindu wenyewe hufanya hivyo, na kwa wazee wetu wengi hiyo ndiyo chati ya pekee inayowezekana.

Usijifunze haya karatasini peke yake. Nenda ufukweni. Diwali huwashwa taa usiku wa mwezi kufa, na siku kama 15 baadaye, mara nyingi mwezi wa Novemba, Mwezi mpevu wa Kartik hutoka baharini karibu na Kilimia, kile kishada cha nyota. Kilimia ndicho Krittika yao, na mwezi huo wa kalenda umepewa jina kwa sababu hiyo hasa. Wavuvi na wakulima wetu husema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wahindu wa kale nao walianza orodha ya manazili na Kilimia. Usiku unaofuata utauona Mwezi umesogea karibu na nyota nyekundu yenye mwanga mkali. Hiyo ndiyo Rohini. Fuata hivyo mwezi mzima na manazili yatakuwa mahali unapopajua, si majina ya kukariri.

Vipindi vya miaka 120

Kutokana na nakshatra ya Mwezi hupatikana zamu za sayari katika maisha. Anza na Kilimia na ufuate mpangilio huu: Jua miaka 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mushtari 16, Zohali 19, Utaridi 17, Ketu 7, Zuhura 20. Zikiisha tisa zinarudia, mpaka nakshatra zote 27 zimepata mwenyewe. Rohini ni ya pili, kwa hiyo ni ya Mwezi. Mtoto wetu amezaliwa nyuzi 8 zikiwa zimepita kati ya 13 na dakika 20, yaani sehemu sita kwa kumi. Zimebaki sehemu nne, nazo ni miaka 4 ya Mwezi. Akifika miaka 4 anaingia Mirihi, akifika 11 anaingia Rahu, 29 Mushtari, 45 Zohali hadi 64. Kila zamu hugawanywa tena kwa sayari zote tisa, lakini mgawo huo uache mpaka huu wa kwanza umeuzoea.

Pale ninaposema hapana

Mirihi ikiwa nyumba ya kwanza, ya nne, ya saba, ya nane au ya kumi na mbili, mtu huitwa mwenye kasoro ya Mirihi, na wasichana wamerudishiwa posa kwa ajili hiyo. Nyumba tano kati ya 12 ni karibu nusu ya watu wote. Ba alikuwa mkali juu ya hilo. Alisema elimu inayomliza binti wa watu haijasomwa vizuri. Alama 36 za kulinganisha wachumba, ambazo 18 huhesabiwa zinatosha, zichukue kama mazungumzo ya wazee wa pande mbili, wala usimhukumu mtu kwazo.

La pili nalisema kama mkunga. Daktari akisema mama apasuliwe sasa, apasuliwe sasa. Usisubiri saa njema. Hakuna kundali inayomfaa mtoto aliyekosa pumzi.

Na anayekuuzia kito cha bei ghali kabla hajakuuliza saa ya kuzaliwa hajui hata mlango wa elimu hii.

Ukipata panchang

Kijitabu cha mwaka kiitwacho panchang hutaja mambo matano ya kila siku: siku ya mwezi iitwayo tithi, siku ya juma, nakshatra, na migawo miwili midogo ya yoga na karana. Vingi huchapishwa India, kwa saa za India, zilizotutangulia kwa saa mbili na nusu. Kikisema tithi inaisha saa 4 asubuhi, kwa Malindi ni saa moja na nusu. Saa zinazotegemea jua kuchomoza usizipunguze hivyo. Zihesabu upya kwa jua la hapa, ambalo mwaka mzima hutoka kati ya saa kumi na mbili hivi na saa kumi na mbili na nusu.

Kipindi cha Rahu, ambacho wengi hawaanzi jambo jipya ndani yake, ni sehemu moja kati ya nane za mchana: Jumatatu ya pili, Jumamosi ya tatu, Ijumaa ya nne, Jumatano ya tano, Alhamisi ya sita, Jumanne ya saba, Jumapili ya nane. Mchana wetu ni saa 12 hivi siku zote, kwa hiyo kila sehemu ni saa moja na nusu. Jua likitoka saa kumi na mbili na dakika 20, Rahu ya Ijumaa inaanza saa tano kasoro dakika kumi na kuisha saa sita na dakika 20. Ukiwa na mzigo wa kumpelekea mwenye duka wa Kihindu siku hiyo, mpelekee saa nne.